Usingoje Homa: Kumlinda Mgonjwa wa Figo Nyumbani Hewa Bora

Ikiwa unamuuguza mzazi, mwenzi au ndugu ambaye munganga amesema figo zake zimeshindwa, bila shaka umeshafundishwa kuangalia miguu ikivimba, mkojo ukipungua na pumzi ikikata usiku. Endelea kuviangalia hivyo vyote. Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi halisemwi pale kitandani, nalo huwaondoa wagonjwa wengi: mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi hana tena nguvu za kupambana na vijidudu kama zamani. Duniani kote, kwa watu walio kwenye dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine), maambukizi ndiyo sababu ya pili ya vifo, baada ya maradhi ya moyo na mishipa.

Nawaandikia watu wa Hewa Bora hapa Lubumbashi, na jirani zao wa mitaa mingine, kwa sababu kwetu hospitali haikai na mgonjwa siku zote. Dialisisi ya mjini hufanywa katika vituo vichache, familia hulipa kutoka mfukoni, na ikimalizika mgonjwa anarudi nyumbani kwenye uangalizi wa mke, binti au mpwa. Huyo anayelala chumba kimoja naye ndiye atakayeiona dalili ya kwanza. Anapaswa kujua anatafuta nini.

Wala tusidhani ni maradhi ya watu wachache. Utafiti uliofanywa Kinshasa na kuchapishwa mwaka 2009, kwa watu wazima 503 waliopimwa katika jumuiya, ulikuta asilimia 12.4 wana maradhi sugu ya figo, yaani karibu mtu mmoja katika kila wanane, na wengi wao hawakuwa na habari. Sisi wa Katanga tuna mzigo wetu wa ziada. Mwaka huohuo wa 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini wana metali nyingi mno kwenye mkojo, zikiwemo kobalti, kadimiamu, risasi na urani. Kadimiamu na risasi zinajulikana kwa kuharibu figo. Ongeza presha isiyotibiwa, sukari, diklofenaki inayouzwa sokoni kama peremende, krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na dawa za mizizi ambazo hakuna anayejua kipimo chake.

Sasa tuingie ndani ya damu, maana ukielewa kinachotokea humo, maagizo yote yanayofuata utayakumbuka bila kuyakariri.

Figo mbili nzima huchuja takribani lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini. Lita moja au mbili hivi hutoka kama mkojo, zimebeba taka. Baadhi ya taka hizo hutengenezwa na bakteria wa utumbo wanapovunjavunja protini tulizokula. Mbili zimechunguzwa sana: sulfati ya indoksili na sulfati ya p-kresili. Figo zikiwa nzima, taka hizi hutolewa nje kila saa. Figo zikishindwa, hujilimbikiza, na kwa kuwa hujishika kwenye protini ya damu iitwayo albumini, hata mashine ya dialisisi huzitoa kwa shida. Chembe nyeupe za damu huogelea ndani ya uchafu huo usiku na mchana.

Chukua neutrofili, ambazo ndizo nyingi kuliko chembe nyeupe zote. Kazi yake ni kuhisi mahali bakteria walipo, kutambaa hadi pale, kuwameza na kuwaua. Katika damu ya mgonjwa wa figo, neutrofili huchelewa kufika, humeza kidogo, huua kwa udhaifu, kisha hufa mapema kuliko kawaida. Na hapa pana mtego unaowapotosha hata wahudumu wa afya: ukipima damu, idadi yake inaweza kuwa sawasawa kabisa. Karatasi ya maabara inahesabu chembe. Haisemi kama zinafanya kazi. Kwa hiyo mtu akikwambia "chembe nyeupe ziko nzuri, hakuna maambukizi", usitulie kwa hilo peke yake.

Limfosaiti nazo zina balaa lao. Zile aina ya T, ambazo huratibu vita na kuua chembe zilizoingiliwa na virusi, hupungua, hasa zile changa ambazo hazijakutana na adui yeyote. Zinazobaki ni zile zilizochoka. Waliozichunguza wanasema kinga ya mgonjwa wa figo huzeeka kabla ya wakati: mtu ana miaka 40, lakini limfosaiti zake zinafanana na za mzee. Aina ya B, zinazotengeneza kingamwili, nazo hupungua na kulegea. Katikati yao kuna chembe za dendritiki, ambazo kazi yake ni kuchukua kipande cha kijidudu na kukionyesha kwa limfosaiti ili zijifunze. Hizo pia hupungua na kudhoofika. Ndiyo maana chanjo inayomkinga mtu mzima mwenye afya inaweza kumpita mgonjwa wa figo kama vile hakuchomwa.

Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1957 huko Boston, Gustave Dammin na Joseph Murray, yule aliyepandikiza figo kwa mafanikio mwaka 1954, walieleza kwamba ngozi ya mtu mwingine ikipandikizwa kwa mgonjwa wa figo hudumu muda mrefu kuliko inavyodumu kwa mtu mwenye afya. Mwili ulikuwa hauna nguvu za kuikataa.

Lakini usidhani kinga imelala tu. Upande mmoja imedhoofika, upande mwingine inawaka bila kukoma. Chembe zinazoitwa monosaiti hutoa mfululizo wa kemikali za kuchochea mwili. Figo, ambazo kwa kawaida husaidia kuziondoa, hazipo kazini. Ukuta wa utumbo hulegea na kupitisha vipande vya bakteria kuingia kwenye damu. Mwili unakaa katika hali ya inflamasheni isiyokwisha. Hiyo hukausha misuli, huua hamu ya kula, hufanya dawa za kuongeza damu zisifanye kazi vizuri, na huharibu mishipa ya moyo. Halafu kuna vitamini D: ni figo zinazoimalizia iwe na nguvu, na chembe za kinga huihitaji ili kuua vijidudu, kikiwemo kile cha kifua kikuu.

Haya yote yana maana gani pale nyumbani?

Maana ya kwanza, na ndiyo ninayotaka ishike kuliko zote: homa ya mgonjwa huyu haiji kama ya kwako. Mwili wake mara nyingi una joto la chini kidogo kuliko la mtu mwenye afya, na chembe zinazopaswa kuwasha homa zimechoka. Nunua kipimajoto kimoja kizuri. Mpime wakati yuko sawa, asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, ili ujue joto lake la kawaida ni lipi. Ikiwa kawaida yake ni 36.2, basi 37.8 kwake si kitu cha kusema "tungoje kesho". Na kabla ya kumpima usimpe parasetamoli, maana utaificha homa ndogo aliyoweza kuitoa.

Tafuta pia dalili zisizo na joto. Kutetemeka ghafla. Kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyounganika, kulala mchana kutwa. Presha kushuka chini ya ile uliyoizoea. Kukataa bukari aliyokuwa anaila juzi. Kwa mzee mwenye figo zilizoshindwa, kukataa chakula na kusinzia kunaweza kuwa ndiyo homa yake yote.

Na unapofika hospitalini, usikubali safari iishie kwenye kipimo cha malaria. Malaria ipo kwetu na ipimwe, ndiyo. Lakini kipimo kikionyesha malaria kwa mtu mwenye mrija wa dialisisi shingoni, bado damu yake inatakiwa ichunguzwe kama ina bakteria kabla ya antibiotiki kuanza. Omba hivyo kwa heshima, na usione haya kurudia.

Mrija huo ndio mlango mkubwa wa hatari. Wagonjwa wengi kwetu huanza dialisisi kwa dharura, kwa hiyo huwekewa mrija wa plastiki kwenye mshipa mkubwa wa shingo au wa pajani. Ncha ya ndani ya ule wa shingo iko jirani na moyo. Kijidudu kikipita pale hakina safari ndefu, na neutrofili za kukipokea ndizo hizo tulizoziona. Kwa hiyo uangalie kila siku, kwenye mwanga, bila kuugusa. Bandeji inatakiwa iwe kavu, imeshika pande zote nne. Ngozi inayoonekana kandokando isiwe nyekundu (kwa ngozi yetu nyeusi, tafuta kung'aa, uvimbe na joto ukilinganisha na upande wa pili), isiwe na maumivu mapya, isitoe majimaji wala usaha. Vifuniko viwili vya ncha za nje viwe vimekazwa. Ukiona bandeji imelowa au imebanduka, funika kwa shashi safi ya famasi na uende kituoni siku ileile. Usiibadilishe kwa kitambaa cha nyumbani.

Kuoga ndiko kunakoharibu. Mgonjwa mwenye mrija shingoni asijimwagie maji kichwani. Mketishe kwenye kiti kifupi, mfunge taulo kavu mabegani kuzunguka shingo, kisha aoshe mwili kuanzia kifuani kwenda chini kwa kitambaa na beseni. Nywele zioshwe peke yake, amelala chali, kichwa kikining'inia nje ya kitanda juu ya beseni, nawe ukishika taulo shingoni. Inachukua muda. Wamama wengi wanaona ni kumdhalilisha mgonjwa. Mimi naona ni heshima kubwa mtu anayoweza kumpa mwenzake.

Mrija ni wa dialisisi tu. Infirmie wa kituo kingine asiutumie kwa serumu au kwa kuchukua damu, hata kama mishipa mingine inasumbua. Wakati unafunguliwa, mhudumu na mgonjwa wote wawe wamefunika pua na mdomo. Mgonjwa akianza kutetemeka nusu saa baada ya mashine kuanza, hiyo si baridi ya Juni: mwite mhudumu palepale, maana huenda bakteria waliojificha ndani ya mrija wanasukumwa kwenye damu.

Njia salama zaidi ni fistula, yaani mshipa wa damu unaounganishwa na ateri chini ya ngozi ya mkono, njia iliyoelezwa na Brescia na Cimino huko New York mwaka 1966. Haina plastiki inayotoka nje, na maambukizi yake ni machache sana kuliko ya mrija. Lakini inahitaji wiki kadhaa kukomaa, na inahitaji mshipa mzima. Kwa hiyo kama munganga amekwambia figo zinaelekea kushindwa, anza leo kuulinda mkono ambao mgonjwa haandikii: sindano za damu na serumu zichomwe mgongoni mwa kiganja, si kwenye mkunjo wa kiwiko. Fistula ikishatengenezwa, mkono huo usipimwe presha, usichomwe serumu, usibebeshwe ndoo.

Kuhusu kifua kikuu nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu Kongo ni mojawapo ya nchi zenye wagonjwa wengi wa maradhi hayo duniani, na mtu wa dialisisi ana hatari mara nyingi zaidi ya jirani yake. Ubaya ni kwamba kwake hakiji na sura tunayoijua. Huenda hakohoi damu, wala hakohoi kabisa. Kijidudu hupenda kujificha nje ya mapafu: kwenye tezi za shingo, kwenye utando wa tumbo au wa mapafu, kwenye mifupa. Kukonda hakuonekani kwa sababu maji yamejaa mwilini. Kile kipimo cha kuchoma ngozi ya mkono na kusoma uvimbe baada ya siku mbili kinaweza kutoka bila jibu wakati ugonjwa upo, kwa kuwa limfosaiti aina ya T ndizo zinazotakiwa kutengeneza uvimbe huo, nazo zimechoka. Kwa hiyo, homa ndogo ya jioni isiyoeleweka kwa wiki mbili, jasho la usiku, tezi iliyovimba, maji ya tumbo yasiyopungua hata baada ya dialisisi: taja neno kifua kikuu wewe mwenyewe mbele ya munganga na uombe kipimo cha GeneXpert. Dawa za mpango wa taifa hutolewa bila malipo. Akianzishiwa, hakikisha anayeziandika anajua habari za figo, kwa sababu baadhi ya vidonge hupangiwa siku chache kwa wiki na humezwa baada ya dialisisi, si kabla.

Na kama mwenye kikohozi ni wewe, au mtoto wa nyumbani, au mgeni aliyekuja kumjulia hali, asilale chumba kimoja na mgonjwa hadi apimwe. Fungua madirisha hata kama Julai kuna baridi na vumbi. Salamu zinaweza kutolewa mlangoni, anayekupenda ataelewa.

Chanjo muhimu kuliko zote kwake ni ya hepatitisi B, kwa sababu virusi hivyo hupita kwenye damu, na dialisisi ni kazi ya damu. Chanjo hii iliingia katika ratiba ya watoto wa Kongo katika miaka ya 2000, kwa hiyo mtu mzima wa leo kwa kawaida hajawahi kuipata. Watu wazima wenye afya wakichanjwa, zaidi ya asilimia 90 hujenga kinga; kwa walio kwenye dialisisi ni kama nusu yao au zaidi kidogo. Ndiyo sababu wao hupewa kipimo mara mbili, mikrogramu 40, na kwa ratiba inayotumika sana huchomwa mara nne: siku ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa pili na wa sita. Kisha, mwezi mmoja au miwili baadaye, damu hupimwa kuona kama kingamwili zimefika yuniti 10 kwa lita. Zisipofika, hurudiwa. Kila mwaka hupimwa tena, maana hushuka. Chanjo hushika vizuri zaidi figo zikiwa bado hazijaisha kabisa. Mwenye maradhi ya figo asingoje mashine ndipo aanze. Aulize pia chanjo ya nimonia na ya mafua kama zinapatikana. Na akitaka kusafiri, kwa mfano kuvuka Kasumbalesa, na kuombwa kadi ya homa ya manjano, asikimbilie kuchomwa: chanjo hiyo ina kirusi hai, na munganga wake ndiye wa kuamua. Kwa aliyepandikizwa figo na anayemeza dawa za kushusha kinga, haifai.

Upande wa chakula familia hukosea kwa wema. Wanasikia "protini inachosha figo" wanamnyima mgonjwa samaki, nyama na yai, anabaki na bukari na chai. Kabla ya dialisisi ni kweli protini hupunguzwa kiasi, kwa maelekezo. Akishaanza dialisisi mambo hubadilika: anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa sababu mashine hutoa protini na kingamwili hutengenezwa kwa protini. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kama gramu 6, kipande cha samaki kibichi cha gramu 100 kama 20. Kinachobaki hatari ni chumvi, na potasiamu. Bitoyo na kapenta wa chumvi waachwe. Kupunguza potasiamu, sombe, maharagwe na viazi vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, ndipo vipikwe. Parachichi na ndizi mbivu ziwe kidogo sana. Maji ya kunywa, yawe ya kisima au ya forage, yachemshwe. Tumbo la kuhara ambalo wewe unalimaliza kwa siku mbili linaweza kumlaza yeye hospitalini.

Kuruka kikao cha dialisisi nako ni kuiumiza kinga. Najua kwa nini watu huruka: pesa zimeisha. Lakini taka zikipanda, chembe nyeupe hulegea zaidi, na antibiotiki za wiki moja za hospitali zitagharimu zaidi kuliko kikao kilichorukwa. Kama familia italazimika kupunguza, mwambieni munganga mapema apange naye, msipotee kimya.

Epuka pia damu ya kuongezewa isiyo ya lazima. Kila chupa inaweza kuufundisha mwili kukataa figo ya mtu mwingine siku za mbele, na baadhi ya familia za Lubumbashi huweka matumaini yao kwenye upandikizaji nje ya nchi. Uliza kwanza kuhusu dawa za kuongeza damu, yaani chuma na sindano za eritropoetini.

Antibiotiki usinunue famasi bila karatasi. Gentamisini, kwa mfano, inaweza kumaliza mkojo mdogo uliobaki, na nyingine nyingi zikitolewa kwa kipimo cha kawaida hujaa kwenye damu na kuleta kifafa au uziwi.

Leo jioni chukua karatasi moja, uandike kwa herufi kubwa: jina la mgonjwa, "figo hazifanyi kazi", siku za dialisisi, mkono usioguswa, joto lake la kawaida, dawa anazomeza, tarehe za chanjo, na namba ya simu ya kituo. Kunja nakala moja uiweke pamoja na kitambulisho chake, nyingine uibandike ukutani karibu na kitanda ili hata mtoto mkubwa aweze kuisoma usiku. Na kama pale kwenye tarehe za chanjo pamebaki patupu, nenda ukaulizie hepatitisi B wiki hii.